Pima ya Kumi na Nne

Mwaka ule mvua iliaga mwezi wa kwanza.
Uwele wa Makang'wa ukakomea magotini,
majani yamejisokota kama tumbaku ya kuviringa.
Baba, Chilongani, akachora duara kwa kisigino
hatua arobaini kutoka kwenye mgunga,
akatemea mate viganjani, akaanza.

Mimi nilishika kamba. Nilikuwa darasa la tano
na nilikuwa nimekariri kwa ajili ya mtihani:
mizizi hushikilia mmea, hufyonza maji na chumvichumvi.
Mstari mmoja. Alama mbili.

Ndoo ya kwanza ilipanda na nywele.
Ilikuwa mizizi ya uwele, nyuzinyuzi tupu,
haina mkubwa wala mdogo,
yote imechomoka shingo moja ikatawanyika
kama watoto walioitiwa ugali.
Kina chake mkono mmoja.
Mvua ya jioni huiwahi kabla ya jua;
ikiikosa, haina kwingine pa kubisha hodi.

Mzizi wa karanga ulikuja na vifundo.
Nikabinya kimoja kwa ukucha, ndani kina wekundu
kama ufizi. Mama akanizuia mkono:
Rudisha shambani, hiyo ndiyo samadi isiyo na ng'ombe.

Pima ya tatu, mchanga.
Pima ya sita, mawe ya chokaa; sururu iligonga ikarudi.
Majirani walikuja kuchungulia, wakatoa pole mapema.
Pima ya tisa hapakuwa na kilicho hai
ila baba, na sauti yake iliyopanda imechelewa,
na mzizi.

Mmoja, mnene kama kiwiko chake.
Ulitokea ukutani upande wa mgunga,
ukakata kisima mshazari,
ukazama tena upande wa pili
kama mtu mwenye safari asiyesimama kusalimia.

"Nishushie shoka."
Nikashusha. Nikangoja kishindo.
Nikangoja.

Baadaye alituambia aliweka shavu.
Ukuta ulikuwa mkavu kama kiporo cha juzi,
gome lilikuwa na ubaridi wa mtungi.
"Huyu hakupiga ramli," alisema.
"Angekuwa amepotea njia, asingenenepa hivi."

Mengine niliyasoma mimi, miaka mingi baadaye, Mvumi:
kwamba ncha ya mzizi huvaa kofia,
na kofia ikichanwa na kokoto hushonwa nyingine
hukohuko njiani, bila kituo;
kwamba nyuma ya ncha huota vinyweleo
vyembamba kuliko utando wa buibui,
na ni hivyo vinavyokunywa.
Mgunga ule wote, miiba na kivuli,
na maganda ambayo mbuzi huyasimamia kwa miguu miwili,
unakunywa kwa midomo
iliyozaliwa Jumatatu na isiyofika Jumapili.
Ule mnene alioukumbatia baba haunywi kitu.
Ule ni barabara tu.

Akachimba kuuzunguka.
Ikamgharimu siku nne na ngozi ya bega la kushoto.

Pima ya kumi na nne udongo ulimshika mguu.
Hakupiga kelele. Alitikisa kamba mara mbili,
nami nikavuta, na ndoo ilikuwa nzito vibaya,
na ilipofika mdomoni mwa shimo ilikuwa tope,
tope jeusi, linanuka kama mvua iliyosahaulika.
Mama alipaka kidogo kwenye paji la uso wangu.
Sijui kwa nini. Naye alisema hajui.

Mzizi bado upo. Kila ndoo ikipanda huugusa,
na wageni hulalamika maji yanamwagika,
si ukatwe tu? Hapo unapoguswa gome limelainika
kama mpini wa jembe la zamani.
Matone huuangukia. Wala hauyahitaji;
una lake huko chini, hatujui pima ya ngapi.

Juzi mwanangu Nyemo, ana mtihani,
akaniuliza kazi za mizizi.
Nikamtajia mbili, zile za kitabuni.
Akasema mwalimu anataka tatu.
Nikamkabidhi kamba.